Uchuuzi wa Kasi: Istilahi, Bei na Hatari za Masoko ya Fedha kwa Mifano ya Kitui na Makueni

1. UTANGULIZI

Mwanafunzi wa historia katika Ukambani akisikia maneno "biashara ya masafa marefu" hukumbuka mara moja misafara ya karne ya 19, pembe za ndovu zilizobebwa mabegani hadi Mombasa, na jina la Kivoi wa Mwendwa wa Kitui. Mwanafunzi huyo huyo akikutana na maneno "biashara ya masafa ya juu" katika habari za uchumi, hana budi kudhani kwamba anaelezwa jambo la jamii hiyo hiyo, yaani biashara ya mbali, au pengine biashara inayofanywa kwa mawimbi ya redio. Dhana zote mbili si sahihi. Jambo linalokusudiwa ni ununuzi na uuzaji wa hisa, fedha za kigeni na mikataba ya mazao unaofanywa na mashine zenyewe, mara maelfu kwa siku, kwa kasi isiyoweza kufuatwa na jicho wala mkono wa binadamu.

Makala haya yanakusudia mambo mawili. La kwanza ni kueleza biashara hiyo ni nini, inaendeshwaje, na inayaletea masoko ya fedha hatari gani. La pili ni kuonyesha kwamba istilahi mbili zinazomjia mtafsiri kwa wepesi, yaani "masafa" na "ukwasi", huificha hatari yenyewe badala ya kuifichua. Mifano imechaguliwa kutoka kaunti za Kitui na Makueni kwa sababu mbili. Katika masoko ya nafaka na kunde ya sehemu hizo kazi ya mchuuzi bado huonekana kwa macho, na kwa hiyo msomaji anaweza kutoka katika analolijua akaenda katika asilolijua. Aidha, mkulima wa kahawa katika milima ya Makueni hapokei bei iliyopangwa kijijini. Bei yake imefungamana na soko ambalo mashine hizo zimo ndani yake.

2. HABARI YA BEI NA MWENDO WAKE

Bei ni habari kabla haijawa fedha. Anayeijua mapema hununua kwa asiyeijua na kumwuzia anayeihitaji. Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, alifika Ukambani mwaka 1849 na kuonana na Kivoi, mfanyabiashara aliyekuwa na sifa kubwa katika njia za kwenda pwani. Kivoi aliuawa mwaka 1851 katika safari ya kuelekea mto Tana. Katika zama hizo habari ya bei ya pembe ilikwenda kwa mwendo wa miguu. Bei iliyomfikia mtu wa Kitui ilikuwa bei ya siku nyingi zilizopita, na faida ya msafara ilitokana kwa sehemu kubwa na umbali huo wa habari. Pamoja na bidhaa yalisafiri maneno pia: Kikamba kina neno "mbesa" kwa maana ya fedha, nalo ni jamaa wa "pesa" ya Kiswahili, ambayo asili yake ni Bara Hindi.

Kila zama ilijaribu kuufupisha umbali huo. Mwaka 1850 Paul Julius Reuter alitumia njiwa kupeleka bei za masoko ya hisa kati ya Aachen na Brussels, mahali ambapo nyaya za telegrafu zilikuwa hazijaunganishwa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899 ilipita katika nchi ambayo leo ni Makueni, kwa Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, na telegrafu ikapita kandokando yake. Mwaka 1997 lilianzishwa nchini Kenya soko la mazao la KACE, ambalo baadaye lilikuwa likiwapelekea wakulima bei kwa ujumbe mfupi wa simu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hata malipo yenyewe hufika kabla ya gunia kupakiwa.

Historia hii ina funzo moja. Kila mara wa kwanza kuipata kasi mpya walifaidi, lakini baada ya muda kasi hiyo ilikuwa mali ya wengi, na faida ya kujua mapema ikapungua. Simu iliyokuwa ya dalali peke yake sasa imo mfukoni mwa mkulima. Tofauti ya zama za mashine ni kwamba mashindano yamehamia katika vipimo vya muda ambavyo binadamu hawezi kuvitumia kamwe. Pengo halizibiki kwa mkulima wala mwalimu kununua simu bora zaidi.

3. DALALI, MCHUUZI NA MLANGUZI

Kabla ya kuzieleza mashine, yafaa zitofautishwe kazi tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Zao la mfano liwe ndengu, ambazo Tanzania huitwa choroko na pwani huitwa pojo. Kitui ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazozalisha ndengu kwa wingi. Kwa kawaida hupandwa kwa mvua za Oktoba na Novemba, na huvunwa Januari na Februari.

Dalali ni mtu anayeuza au kununua kwa niaba ya mwingine. Mali haiwi yake hata kwa dakika moja, na pato lake ni ujira. Mchuuzi hununua kwa fedha yake na kuuza tena. Mali huwa yake, ingawa kwa muda mfupi, na pato lake ni tofauti kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia. Mlanguzi naye huificha mali ili iadimike, kisha huiuza kwa bei ya kuumiza. Neno hili la tatu lina hukumu ndani yake. Katika Tanzania ya mwaka 1983, wakati wa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, kuitwa mlanguzi kulitosha kumtia mtu mashakani.

Na ichukuliwe kwamba siku ya soko mchuuzi ametandika turubai na kutundika mizani. Anatangaza kwamba atanunua ndengu kwa shilingi 100 kwa kilo na kuziuza kwa shilingi 104. Hizi ni hesabu za mfano tu. Mama aliyeleta gorogoro kumi hahitaji kumngoja mnunuzi wa Nairobi. Anauza na kwenda zake. Mwenye duka aliyepungukiwa naye hahitaji kuzunguka vijijini. Shilingi nne za mchuuzi ni malipo ya kuwapo kwake pale kila siku ya soko. Wakija wachuuzi watatu wenye kushindana, tofauti hiyo hupungua ikawa shilingi mbili au moja, na kila mtu hufaidika.

Lakini mchuuzi hana mkataba wa kubaki. Siku lori kumi zitakapoleta ndengu kwa pamoja, naye akahisi kwamba bei inakwenda kuanguka, atakunja turubai, ataondoa mizani, na soko litakuwa na wauzaji bila mnunuzi. Siku hiyo ndiyo mama wa gorogoro kumi humhitaji kuliko siku nyingine zote. Udhaifu huu si mgeni wala si wa mashine. Mwezi Agosti 2017 Serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa uagizaji wa mbaazi, na wakulima wa Afrika ya Mashariki na Msumbiji waliopanda kwa kulitegemea soko hilo wakashuhudia jinsi mnunuzi anavyoweza kuondoka mavuno yakiwa tayari shambani. Kilichobadilishwa na mashine ni muda: kuondoka kulikochukua siku sasa huchukua sehemu ya sekunde.

4. JINSI MASHINE ZINAVYOCHUUZA

Katika soko la hisa la kisasa hakuna turubai. Kuna daftari la kielektroniki ambamo oda za kununua zimepangwa upande mmoja na oda za kuuza upande wa pili, kila moja na bei yake na saa ya kufika kwake. Kwa bei ile ile, aliyetangulia ndiye hutangulia kuhudumiwa. Kwa hiyo kufika mapema, hata kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kuna thamani ya fedha.

Kampuni za biashara hii huandika programu zinazosoma daftari hilo, zikakata shauri na kupeleka oda bila kumwuliza mtu. Hukodi nafasi ya kuweka kompyuta zao katika jengo lile lile yalimo mashine za soko, ili waya uwe mfupi. Mwaka 2010 kampuni ya Spread Networks ilifungua njia ya nyaya za kioo yenye urefu wa maili 827, yaani kilomita 1,330 hivi, kati ya Chicago na New Jersey. Njia hiyo ilinyooshwa kadiri ilivyowezekana, nayo iliuwezesha ujumbe kwenda na kurudi kwa muda wa sehemu 13 za elfu za sekunde. Katika muda wa mtu kufumba na kufumbua macho, ujumbe huo ungeweza kwenda na kurudi mara kadhaa. Haukupita muda, minara ya mawimbi ya hewani ikaishinda njia hiyo, kwa sababu mawimbi hupita hewani upesi kuliko mwanga unavyopita ndani ya kioo.

Kazi za mashine hizi ni za aina kadhaa, lakini mbili zatosha hapa. Ya kwanza ni uchuuzi wenyewe: kutangaza bei ya kununua na bei ya kuuza kwa wakati mmoja, na kuvuna tofauti ndogo mara nyingi sana. Mashine haikusudii kumiliki hisa. Jioni ikifika hupenda kubaki mikono mitupu. Ya pili ni kumtangulia mnunuzi mkubwa. Na itazamwe barabara itokayo mjini Kitui kwenda Mutomo, Ikutha hadi Kibwezi. Lori la mnunuzi mkubwa linasimama Mutomo na kununua ndengu zote kwa shilingi 100. Kijana mwenye pikipiki anaona, anaondoka mbio kuelekea Ikutha, ananunua zilizoko huko kwa shilingi 100, na lori likifika anawauzia wenye lori kwa shilingi 103. Hakuiba wala hakusema uongo. Lakini hakuleta hata punje moja sokoni, na mnunuzi amelipa zaidi kwa sababu mwendo wake ulionekana. Marekani hisa moja huuzwa katika masoko mengi kwa wakati mmoja, na mashine ndizo pikipiki kati ya masoko hayo.

Si haki kuacha kutaja manufaa. Watafiti wengi wamekubaliana kwamba katika siku za kawaida mashindano ya mashine yamepunguza tofauti kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia, na kwamba mwekezaji mdogo hununua hisa kwa gharama ndogo kuliko zama za kelele za sakafuni. Swali la makala haya halihusu siku za kawaida.

5. HATARI

5.1 Kukunjwa kwa turubai

Tarehe 6 Mei 2010, alasiri, fahirisi ya Dow Jones huko New York ilianguka kwa karibu pointi 1,000, yaani asilimia 9 hivi, kisha ikarudisha sehemu kubwa ya hasara hiyo kwa muda wa dakika chache. Taarifa ya pamoja ya wasimamizi wa masoko wa Marekani, iliyotolewa Septemba mwaka huo, ilieleza kwamba siku hiyo soko lilikuwa na wasiwasi tangu asubuhi, na kwamba mwuzaji mmoja mkubwa aliingiza programu ya kuuza mikataba 75,000 ya fahirisi ya S&P 500, yenye thamani ya dola bilioni 4.1 hivi. Mashine zilianza kwa kununua, kisha zikaanza kuuziana zenyewe kwa zenyewe. Katika muda wa sekunde 14 zilibadilishana mikataba zaidi ya 27,000, ilhali mikataba iliyobaki mikononi mwao iliongezeka kwa 200 tu.

Hesabu hii ndiyo kiini cha jambo. Mtu aliyeitazama idadi ya mikataba angedhani kwamba soko limejaa wanunuzi. Kwa kweli mzigo ule ule ulikuwa ukirushwa kutoka mkono hadi mkono kama kaa la moto, na hapakuwa na aliyetaka kukaa nao. Mashine nyingi zilipojiondoa, baadhi ya hisa zilibaki bila mnunuzi wa kweli, zikauzwa kwa senti moja, na nyingine zikanunuliwa kwa dola 100,000. Soko la Chicago lilipositisha biashara ya mikataba hiyo kwa sekunde tano tu, bei yake iliacha kuanguka. Baadaye biashara zaidi ya 20,000 zilizofanywa kwa bei za ajabu zilifutwa. Mashine hazikuanzisha anguko hilo peke yake, wala taarifa haikusema hivyo. Zilichokifanya ni kulitia mbio, na kutokuwapo wakati zilipohitajiwa.

5.2 Kosa lisilo na wa kulizuia

Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilianza siku na programu mpya ambayo haikuwekwa sawasawa katika mashine zake zote. Kwa muda wa dakika 45 hivi mashine zilinunua na kuuza hisa ambazo hakuna aliyeziagiza, na hasara ikapita dola milioni 440. Kampuni iliyokuwa miongoni mwa wachuuzi wakubwa wa hisa nchini humo haikuweza kuendelea kujitegemea. Mwaka uliofuata iliunganishwa na nyingine. Karani akikosea kuandika, mwenzake humwona kabla wino haujakauka. Mashine ikikosea, hurudia kosa mara maelfu kabla ya mtu kunyanyua simu.

5.3 Oda hewa

Wananchi wa Afrika ya Mashariki wamekwisha kulizoea neno "hewa" katika maana ya kitu kilichoandikwa kikalipiwa lakini hakipo, kama vile mfanyakazi hewa. Katika masoko ya mashine kuna oda hewa: oda kubwa iliyoandikwa kwa nia ya kuiondoa kabla haijatimizwa, ili wengine waione, waogope au watamani, na bei isogee. Navinder Sarao, aliyekuwa akifanya biashara nyumbani kwao London, alikamatwa mwaka 2015 na kukiri mwaka 2016 makosa ya aina hiyo, yakiwamo ya siku ile ya Mei 2010. Mwaka 2020 alihukumiwa kifungo cha nyumbani cha mwaka mmoja. Ifahamike kwamba waathirika wa kwanza wa oda hewa ni mashine zenyewe, kwa sababu huliamini daftari kuliko binadamu anavyoliamini.

6. NJIA ZINAZOFIKA KITUI NA MAKUENI

Yawezekana kuulizwa mambo haya yanamhusuje mkazi wa Zombe au Wote. Ndengu hazina daftari la kielektroniki huko New York, na katika jambo hili ziko salama. Lakini kahawa inalo. Katika milima ya Mbooni na Kilungu, Makueni, kuna wakulima wa kahawa aina ya arabika, na kahawa ya Kenya huuzwa kwa sehemu kubwa katika mnada wa Nairobi. Wanunuzi huja mnadani wakiwa na bei ya mkataba wa New York kichwani, wakaongeza au kupunguza kwa kadiri ya ubora. Huko New York mikataba ya kahawa, kakao na sukari sasa huuzwa kwa kompyuta. Tarehe 1 Machi 2011 bei ya kakao katika soko hilo ilianguka kwa zaidi ya asilimia 12 kwa muda usiofika dakika moja, kisha ikapanda, pasipo mvua wala ukame wowote mpya katika nchi zinazolima kakao. Mambo makubwa ya bei ya kahawa bado huamuliwa na jua na baridi ya Brazil, kama ilivyoonekana Februari 2025 bei ya arabika ilipopita dola 4 kwa ratili. Hata hivyo mwenye kuuza katika saa mbaya hafidiwi kwa kuambiwa kwamba bei ilirudi baada ya nusu saa.

Njia ya pili ni akiba. Mwalimu wa Mwingi anayekatwa mchango wa pensheni kila mwezi ni mwekezaji, ajue asijue. Kanuni za Kenya huiruhusu mifuko ya pensheni kuweka nje ya nchi hadi asilimia 15 ya mali yake, na kwa njia hiyo sehemu ya akiba ya mwalimu huyo inaweza kuwamo katika masoko yaliyokwisha kuelezwa.

Njia ya tatu ni Nairobi kwenyewe, nayo bado ni nyembamba. Soko la hisa la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954, na tangu Septemba 2006 biashara yake hufanywa kwa kompyuta. Mwaka 2008 Safaricom ilipouza hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, mamia ya maelfu ya Wakenya walijitokeza kununua, wengi wao kwa mara ya kwanza. Lakini biashara za siku nzima Nairobi huhesabika kwa maelfu, si kwa mamilioni, na ada zinazotozwa kwa kila ununuzi ni kubwa kuliko faida ndogondogo ambazo mashine huzitafuta. Aidha, kwa kawaida bei ya hisa hairuhusiwi kupanda wala kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Uchache wa biashara na ukubwa wa ada, mambo ambayo wawekezaji huyalalamikia kila siku, ndiyo pia ukuta unaoizuia biashara hii. Ada zikipungua na biashara ikiongezeka, kama wengi wanavyotamani, ukuta huo utapungua kimo. Ndipo itakapofaa kuwa na kanuni iliyoandikwa mapema.

Kanuni za kuigwa zipo. Marekani, baada ya mwaka 2010, iliweka mipaka ya bei ambayo ikifikiwa biashara ya hisa husimama kwa muda. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2018, zinazitaka kampuni zipime programu zao kabla ya kuzitumia, na ziwe na njia ya kuzizima mara moja. Soko la IEX la Marekani lilizungusha waya wa kioo wa kilomita 61 hivi ndani ya sanduku, ili kila oda icheleweshwe kwa sehemu 350 za milioni za sekunde. Kucheleweshwa huko humzuia mwenye pikipiki asiwahi kufika Ikutha kabla ya lori.

7. SUALA LA ISTILAHI

Baada ya maelezo haya istilahi zinaweza kupimwa. "Masafa" ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni umbali, kama katika mbio za masafa marefu. Fizikia na utangazaji vimelipa maana ya pili, ya mawimbi. Kiingereza kina neno moja linalobeba maana ya mawimbi pamoja na maana ya kutukia mara kwa mara. Kiswahili hakikuziunganisha maana hizo, na hakuna sababu ya kukilazimisha. Neno linalozungumzia umbali halifai kuitaja biashara ambayo juhudi yake yote ni kuufuta umbali. Katika Ukambani hasa, neno hilo lina mwenyewe tayari, naye ni Kivoi na wenzake.

Istilahi inayopendekezwa hapa ni "uchuuzi wa kasi". "Uchuuzi" hutaja tendo lenyewe: kununua ili kuuza tena, kwa faida ndogo, bila nia ya kukaa na mali. "Kasi" hutaja chombo cha ushindani. Huenda ikapingwa kwamba mchuuzi ni mtu wa mtaji mdogo, ilhali kampuni hizi ni tajiri. Jibu ni kwamba istilahi hutaja kazi, haitaji uzito wa mfuko. "Ulanguzi" haufai, kwa sababu hutoa hukumu kabla ya maelezo. Wala "udalali", kwa sababu dalali hamiliki mali hata kidogo.

Istilahi ya pili ina madhara makubwa zaidi. Katika maandishi ya kibenki "ukwasi" hutumiwa kwa maana ya wepesi wa mali kugeuzwa kuwa fedha. Lakini katika matumizi ya kawaida mkwasi ni tajiri, na ukwasi ni utajiri. Msomaji akiambiwa kwamba soko fulani lina ukwasi mkubwa, huelewa kwamba limo mali nyingi, na mali ni kitu kilichopo hata mwenyewe akilala. Siku ya 6 Mei 2010 soko lilionekana kuwa na ukwasi hadi dakika lilipoukosa, kwa maana wepesi huo haukuwa mali. Ulikuwa ahadi ya wengine ya kununua, nayo ahadi hiyo haikumfunga mtu yeyote.

Kiswahili kinayo njia ya kulisema jambo hili kwa usahihi. Kitenzi "uza" kikipata kiambishi cha kutendeka huwa "uzika", na nomino yake ni "uuzikaji". Kitu hakiuziki chenyewe. Huuzika kwa kuwa yuko wa kukinunua, na akiondoka hakiuziki tena, ijapokuwa kitu ni kile kile. Maana ya utegemezi imo ndani ya umbo la neno. Mtu akiambiwa kwamba uuzikaji wa hisa fulani ni mkubwa leo, atauliza kwa wepesi: na kesho je, mnunuzi atakuwapo?

8. HITIMISHO

Wahenga waliacha methali mbili zinazopingana kuhusu mwendo. Moja huonya kwamba haraka haina baraka, na nyingine humcheka anayechelewa hadi akakuta mwana si wake. Uchuuzi wa kasi hauhukumiwi kwa methali moja peke yake. Kasi imepunguza gharama ya kununua na kuuza katika siku za amani. Hatari imo katika ahadi isiyofunga: turubai linalotandikwa asubuhi kwa wote, na kukunjwa kabla ya mwenye gorogoro kunyanyua mkono.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kwa hiyo mwalimu wa Mwingi na mkulima wa Mbooni wana haki ya kuelezwa akiba yao na kahawa yao zinapitia wapi, kwa maneno yatakayowawezesha kuuliza swali sahihi. Kazi hiyo si ya wachumi peke yao; ni ya walimu na wachunguzi wa lugha pia.